Mgongo wa Mhubiri

Arletta Burdett alikuwa mtoto wa miaka saba alipouliza swali ambalo halikujibiwa, na kusema kweli hakuliacha mpaka mvi zilipomjaa kichwani. Siku hiyo baba yake, Cassius, alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Aliketi kwenye ngazi za baraza na buti zake zimejaa udongo, akakataa hata mkate wa mahindi uliokuwa bado unafuka moshi. Farasi wake alikuwa amekufa. Nasema wake, ingawa kwenye karatasi farasi yule alikuwa mali ya akina Lockhart, kama ilivyokuwa kila kitu ng'ambo ya barabara kutoka kijiji chao cha Tatesville. Lakini Cassius ndiye aliyekuwa saisi wake. Yeye ndiye aliyemlisha, akamchokoa kwato, akampiga brashi, na kila asubuhi akaweka sikio kwenye ubavu wake na kusikiliza tumbo, ametulia kama mtu anayesikiliza habari redioni.

"Mmeshamzika?" Arletta akauliza.

"Tumemzika. Kichwa, moyo na kwato."

Ndivyo bingwa anavyozikwa Kentucky. Kichwa kwa sababu ya nia yake ya kushinda, moyo kwa sababu ya ushujaa, kwato kwa sababu ya mbio. Hayo hupewa kaburi na jiwe lenye jina. Yaliyobaki hupakiwa kwenye lori, na lori likishatoka langoni hakuna mstaarabu anayeuliza linaelekea wapi.

"Na mgongo, baba? Ule unaoupiga brashi kila siku?"

Cassius aliitazama mikono yake, juu kisha viganja. "Nenda kamsaidie mama yako jikoni," akasema.

Tangu hapo Arletta akawa na ndoto moja iliyomjia mara kwa mara. Aliona ukungu wa alfajiri juu ya majani ya malisho, na ndani ya ukungu mgongo wa farasi wa kahawia ukipita polepole, bila kichwa mbele wala miguu chini, unang'aa kama samani iliyosuguliwa. Haikuwa ndoto ya kutisha. Mgongo ulikuwa unatafuta tu mtu wa kuupiga brashi, na yeye alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, mikono mitupu. Alikua nayo, akaolewa nayo. Mumewe, Royal, alivumilia ndoto lakini hakuvumilia harufu ya farasi kwenye shuka, akaenda kutafuta kazi Cincinnati, akaipata, na ni kama barabara ya kurudi ilifungwa nyuma yake. Arletta hakumfuata. Wakati huo alishaingia kazini kwa akina Lockhart, banda la majike, na alikuwa na watoto wachanga wa farasi wa kuwakausha.

Kwenye banda la madume hawakumtaka. Walisema ile si kazi ya mwanamke, farasi dume atamrusha kama kitambaa. Kisha akaletwa bingwa mmoja kutoka viwanja vya mbio, mwekundu kama shaba, mwenye kovu jeupe puani. Jina lake rasmi lilikuwa Gideon's Lamp. Alikuwa ameshinda mbio kubwa za Mei mbele ya umati uliovaa kofia za maua, na sasa alistaafu ili azae mabingwa wengine. Tabia yake ilikuwa moja: aling'ata wanaume. Hakuchagua. Alimng'ata meneja begani, akamng'ata mpiga picha, akamng'ata kasisi aliyekuja kubariki banda. Delbert Sizemore, mtu wa milimani mwenye maneno mengi kuliko meno, alipoteza ncha ya kidole na tangu hapo akawa anaionyesha kwa wageni kwa fahari.

"Mleteni Arletta," Delbert akasema siku hiyo, mkono umefungwa taulo. "Nyie mnaogopa atang'atwa? Hata mumewe alimkimbia. Huyu mnyama ana akili, hatathubutu."

Arletta aliingia ndani na peremende mkononi. Alichofanya ni kuifungua karatasi yake, taratibu, ikatoa ule mlio mdogo wa kukwaruza. Masikio ya farasi yakageuka. Aliipokea kwa midomo laini, kisha akaanza kutikisa kichwa juu na chini, juu na chini, kama mhubiri wa Kibaptisti anayekaribia jambo lenyewe. Kuanzia hapo akawa Mhubiri, na Arletta akawa saisi wake.

Miaka ikapita kama inavyopita kule, kwa rangi ya majani zaidi kuliko kwa kalenda. Mhubiri akazeeka. Majike hawakuletwa tena. Kazi yake ikabaki kupokea wageni waliokuja kwa basi kumtazama bingwa, na bingwa alikuwa na namna yake ya kuwapokea: alilala. Kila siku ya jua, baada ya kula, alitembea hadi chini ya mti wa jozi, mahali ambapo jua lilifika kwanza, akapiga magoti, akaanguka kwa ubavu wa kushoto na kukoroma. Wageni walipenda kuliko kama angekimbia. Walisimama kwenye uzio wakinong'ona. Arletta naye alikuwa akiegemea nguzo, kikombe cha kahawa mkononi, macho yakimlegea. Mvuke wa kahawa, mvuke wa farasi, ukungu ukipanda kutoka bondeni, ikafika mahali hakujua nani amelala na nani anatazama. Kama kuna raha ya kazi duniani, aliipata pale, nami sioni haya kumwonea wivu.

Kitu kimoja tu kilimkereketa. Juu ya kilima, ndani ya ua wa mawe, yalikuwepo makaburi ya mabingwa wa akina Lockhart, na yote yalikuwa madogo. Siku moja alimwendea mwenye shamba, Mama Lockhart, bibi mwembamba wa glavu za bustani.

"Mama, siku yake ikifika, nataka Mhubiri azikwe mzima."

"Siku ikifika tutazungumza, Arletta," Mama Lockhart akasema, na akainamia waridi lake. Matajiri wana namna ya kukunyima kitu huku wakikuacha umeshika mlango wazi.

Siku ilifika wakati wa kupukutika majani, asubuhi ya jalidi la kwanza, ule umande ulioganda. Majani yalikuwa meupe kivulini na kijani kwenye jua, na mstari kati ya rangi hizo mbili ulisogea huku unautazama. Mhubiri hakumaliza chakula chake. Arletta aliliona hilo akaliweka moyoni. Mzee wa umri ule huacha chakula, hata yeye mwenyewe huacha. Farasi akatembea hadi chini ya mti wa jozi, akapiga magoti, akalala kwa ubavu wa kushoto. Akatulia.

"Mwache mzee apige usingizi," Delbert akasema akipita na toroli. "Baridi imemchosha."

"Nani kasema namwamsha?"

Akamwacha. Akaegemea nguzo yake. Jua lilikuwa tamu, joto la kikombe lilipanda mpaka kwenye viwiko, na macho yakalegea. Huenda hata ule mgongo wa ndotoni ulipita. Kwenye shamba jingine lolote, farasi akilala chini na chakula kimebaki, watu wangekurupuka. Lakini hapa usingizi wa Mhubiri ndio uliokuwa sifa ya shamba, ulichapwa hata kwenye kadi za kuuzia wageni. Nani akurupuke?

Basi la wageni likaja. Delbert akavaa kofia yake safi na kuanza mahubiri yake ya kila siku. "Mabibi na mabwana, bingwa yuko kazini. Anayetaka kumwamsha atoe kidole kwanza, kama mimi." Wageni wakacheka kwa sauti ya chini. Arletta, kama kawaida yake, akatoa peremende mfukoni na kukwaruza karatasi.

Masikio hayakugeuka.

Akakwaruza tena. Mhubiri aliinua kichwa, lakini hakumtazama yeye. Alitazama ubavu wake mwenyewe, kama mtu aliyesikia sauti ndani ya nyumba yake. Shingo ilikuwa imelowa jasho, na jalidi bado halijayeyuka kivulini.

Arletta akageuka ghafla. "Delbert, ondoa watu."

"Wametoka Indiana, Arletta, ndiyo kwanza..."

"Waondoe! Halafu mpigie Daktari Pruitt. Tumbo."

Delbert aliwaongoza wageni hadi basini bila mzaha hata mmoja, na si jambo dogo.

Neno hilo, tumbo, bandani halitamkwi ovyo. Mungu alimpa farasi mapafu na mapaja ya kushangaza, lakini utumbo aliuweka kama aliyekuwa anawahi mahali: mrefu ajabu, umetupwa mle ndani, umeshikizwa kidogo tu, unaweza kuelea, kujipinda, kujinyonga. Tena hawezi kutapika. Sisi tukila kibaya tunatapika, tunaapa, na Jumapili tunakula tena. Kwa farasi kilichoingia kina njia moja tu, na njia ikizibwa, msokoto humuua mnyama anayeweza kuvuta gari la mizigo. Bingwa na punda wa kukodi hufa sawasawa.

Arletta alimwinua na kumtembeza. Lengo ni asijitupe na kujibingirisha kwa maumivu. Walizunguka mti, wakazunguka tena, bega kwa bega, wakiacha njia ya kijani kwenye jalidi. Alimsemesha muda wote. "Twende, mzee. Hatua nyingine. Ukilala sasa nitakuaibisha mbele ya watu wa Indiana." Farasi alikwenda kwa sababu yeye ndiye aliyemwomba, hilo lilionekana wazi, na ndilo lililomchoma.

Daktari Pruitt, daktari wa mifugo, alifika na mkoba wake, mtu mkubwa mwenye makovu mawili ya meno ya Mhubiri mkononi. Alimfunua ufizi, ukawa na rangi ya matofali yaliyolowa. Akaweka kipimo ubavuni akasikiliza. Akampitisha mpira puani mpaka tumboni, kazi ambayo miaka yote ilihitaji watu watatu na matusi. Mhubiri alisimama tu. Shavu la daktari lilikuwa karibu kabisa na midomo yake, na hakumng'ata.

"Mng'ate, basi," Delbert akasema taratibu. "Mzee, mng'ate mara moja tu."

Sindano ya kwanza ilimtuliza. Kwa kitambo misuli ililegea, kichwa kikaanza kupanda na kushuka, juu na chini, na Arletta akajiruhusu kutumaini. Nitasema alitumaini sana. Alishapanga hata uji wa pumba atakaompikia jioni. Kisha jasho likarudi, na mguu wa nyuma ukapiga tumbo.

"Utumbo umefungwa mahali fulani," Pruitt akasema. Alikuwa anamwambia Mama Lockhart, aliyefika na glavu zake za bustani bado mikononi, lakini macho yake yalikuwa kwa Arletta. "Dawa haiwezi kufungua. Ama tumpakie gari twende akapasuliwe, ama tumpumzishe kwa sindano ya mwisho. Kwa umri wake, sidhani kama ataamka mezani."

Mama Lockhart alivua glavu moja, akaivaa tena. "Arletta. Wewe ndiye unayemjua."

Arletta aliweka kiganja kwenye mgongo wa Mhubiri. Ulikuwa wa moto, na chini ya ngozi ulitetemeka. "Gari hajawahi kulipenda," akasema. "Asife kwenye gari, wala kwenye sakafu ya watu asiowajua. Hapa hapa, kwenye jua." Akamgeukia Mama Lockhart. "Na azikwe mzima, Mama. Ulisema siku ikifika tutazungumza. Imefika."

"Arletta, babu yangu aliweka utaratibu..."

"Babu yako hakuwahi kuupiga brashi huu mgongo. Wala wa yule wa kwanza. Baba yangu ndiye aliyeupiga, kisha akasimama akauona unapakiwa kwenye lori. Mimi sitasimama."

Delbert alikohoa na kutazama buti zake. Watu hawakuwa wakisema hivyo na akina Lockhart. Mama Lockhart aliweka mkono shingoni mwa farasi, kisha akasema, "Mzima. Sawa." Alikuwa analia, na sikutegemea kumwandika hivyo, lakini alilia.

Walimpeleka mahali pake. Arletta alifungua peremende ya mwisho akaiweka kiganjani. Mhubiri aliinusa, akaiacha. Pruitt akafanya kazi yake kwa upole. Farasi akapiga magoti, akalala kwa ubavu wa kushoto, na mtu aliyesimama mbali angesema amelala kama siku zote. Arletta alimlalia shingoni na kulia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Jua lilipokuwa juu ya mti, Pruitt akachuchumaa kando yake. "Kuna jambo. Kabla hamjamfukia, naweza kumfungua tumbo nione."

"Uone nini?"

"Wazee kama yeye huota uvimbe wa mafuta ndani, unaning'inia kwa kikonyo. Siku moja kikonyo kinazunguka utumbo na kuunyonga. Kama ni huo, hata ungeniita kabla hajatoka bandani, ningesema haya haya niliyosema. Lakini kama utumbo ulijipinda..."

"Muda niliomwacha amelala ungekuwa na maana."

"Labda. Nikifungua, nitajua."

"Na ukishafungua? Unamfunga tena?"

Pruitt alikuwa mtu mkweli. "Si vizuri. Lazima nitoe vyote nje, Arletta."

"Mwache aangalie," Delbert akamsihi, amevua kofia. "Kila mtu hapa alidhani amelala. Mimi ndiye niliyesema tumwache. Bora ujue, dada yangu, upate kulala."

Alitaka kujua. Jamani, alitaka! Kama kungekuwa na dirisha kwenye ubavu ule angechungulia kwa macho yote mawili. Neno moja la Pruitt lingeweza kumwondolea asubuhi ile yote, nguzo, kahawa, jua, ule utamu. Au lingempa aibebe mpaka kaburini kwake, lakini hata hivyo angejua anabeba nini. Alitazama kisu mkobani. Alitazama tumbo lile jekundu, halina hata mkwaruzo.

"Hapana," akasema. "Nimesema mzima."

Ua wa makaburi juu ya kilima haukuwa na nafasi ya farasi mzima, kwa hiyo tingatinga lilichimba pale pale chini ya mti wa jozi. Wakati shimo likichimbwa, Arletta alikwenda bandani akaleta brashi ya baba yake, ya mbao, manyoya yameisha upande mmoja. Aliupiga brashi mgongo kuanzia mabegani hadi mkiani, akafuta jasho lililokauka, akarudia mpaka ukang'aa. Walimshusha kwa mikanda, kwa ubavu wa kushoto. Wakati wa kufukia alikaa hadi mwisho, na aliporudi nyumbani alilala na nguo zake.

Ndoto ya mgongo haikurudi tena. Badala yake ilikuja nyingine: amesimama kwenye nguzo, jua tamu, farasi amelala chini ya mti, na yeye hajui kama ni usingizi. Anataka kukwaruza karatasi ya peremende na mkono haumtii. Hiyo inamjia mpaka leo, hasa majani yakianza kupukutika.

Masika yaliyofuata majani yaliota pale marefu na ya kijani kuliko kwingine, na basi likarudi na wageni. Delbert alisimulia mbio za Mei, akaonyesha kidole. Mwanamke mmoja aliyevaa miwani, anayejua mambo ya farasi, akamwegemea Arletta kwenye uzio.

"Hapa mmezika kichwa na moyo?"

"Na mgongo," Arletta akasema. "Yupo mzima."

"Mzima! Jambo la nadra. Alikufa kwa nini?"

"Tumbo."

"Ndiyo, lakini hasa nini? Si lazima kulikuwa na kilichosababisha?"

Arletta aliyatazama yale majani, yanavyolala upande mmoja kwa upepo na kuinuka tena.

"Hicho nacho," akasema, "tumekizika naye."